Usimruhusu fundi ashushe sampu Jumamosi

Mpigie huyo fundi leo hii umwambie Jumamosi asije. Kama ameshanunua silikoni, ile gundi ya kuzibia injini, mwambie akae nayo. Nimesoma ulichoandika nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, nimeshindwa kusubiri nifike nyumbani, nimeegesha pembeni ndiyo nakuandikia. Maneno uliyoambiwa wewe ni yale yale niliyoambiwa mimi Desemba 2021. Hata siku ni ile ile, Jumamosi.

Kwa wanaopita tu: mkuu hapo juu ana Toyota IST ya 2004, injini ya 1NZ. Kila asubuhi anakuta doa la oili chini ya gari, ukubwa wa kisahani cha chai. Fundi wa mtaani kaingia chini dakika mbili, kaona sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, imelowa, kasema sampu ndiyo inavuja, ataishusha na kupaka silikoni mpya, elfu arobaini, kazi imeisha. Mkuu anauliza anunue silikoni nyekundu au nyeusi. Anauliza pia kama gari itafika Moshi na familia tarehe 20.

Mkuu, sampu kulowa si ushahidi wa kitu chochote. Sampu ndiyo sehemu ya chini kabisa ya injini. Oili ikitokea kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, itateremka ubavuni mwa injini mpaka kwenye sampu. Ikitokea kwenye swichi ya presha, itateremka mpaka kwenye sampu. Kava la cheni, sili ya krenkshafti (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini), filta iliyofungwa vibaya, zote njia yao inaishia hapo hapo, tone linaning'inia kwenye bolti ya chini kabisa na kudondoka. Halafu ukiwa barabarani upepo unaopita chini unaisambaza nyuma, kila kitu kinakuwa cheusi. Ghorofa ya tatu bomba likipasuka, maji yatatokea kwenye dari ya mpangaji wa chini. Utabomoa dari ya mpangaji wa chini?

Mimi niliibomoa.

Yangu ilikuwa IST pia, ya 2003. Doa lilikuwa dogo kuliko lako, kila wiki mbili naongeza kama robo lita. Ningeweza kukaa hivyo mwaka mzima bila injini kudhurika. Lakini Desemba ilikuwa imefika, na sisi watu wa Kilimanjaro mnatujua, mwezi huo lazima gari ielekee kaskazini. Nikataka chini pawe pakavu kabla ya safari. Nikamwita fundi ambaye mtaa mzima unamtumia. Akalala chini ya gari, akapitisha kidole kwenye sampu, akanionyesha kidole cheusi. "Hizi NZ zote ugonjwa wao sampu, bosi." Hakufungua boneti. Narudia, mtu alikuja kutafuta oili inavuja wapi na boneti hakuifungua.

Akashusha sampu. Silikoni ya zamani aliikwangua kwa bisibisi bapa, sampu yenyewe akaifuta kwa tambara linalotoa nyuzi, ndani hakuiosha. Ukingo haukusafishwa kutoa mafuta, na silikoni haishiki kwenye mafuta hata uipake ndoo nzima. Kisha akakamua silikoni nene kama kidole gumba, akazungusha, akarudia mstari wa pili juu ya ule wa kwanza "ili isirudi tena". Mimi nimesimama pale nimemshikia tochi, moyo umetulia kabisa. Nilidhani wingi ndiyo usalama.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo pesa yangu ilipopotelea. Sampu ya Toyota hii haina gasketi (kile kipande cha kuziba kati ya vyuma viwili) ya karatasi, inafungwa kwa silikoni ya injini, hilo ni kweli. Lakini inatakiwa mstari mwembamba tu, kama milimita 3 hivi, usiokatika, unaopita upande wa ndani wa matundu ya bolti. Ukizidisha, bati zikibanwa ile iliyozidi inatokea pande mbili, nyingine nje na nyingine ndani. Ya nje unaiona, unaikata kwa kisu, inapendeza. Ya ndani huioni. Inabaki ukingoni kama mnyoo, inaogeshwa na oili ya moto kila unapowasha gari, inalainika, inaachia. Na humo humo ndani ya sampu, sentimita chache kutoka hapo, ndipo ulipo mdomo wa pampu ya oili na wavu wake, unanyonya muda wote injini inapozunguka. Kila kinachoelea humo mwisho wake ni kwenye ule wavu.

Baada ya dakika 20 akamimina oili mpya, lita 3.7 na filta mpya, akawasha. Dakika 20! Tyubu nyingi za silikoni zimeandikwa saa 24 mpaka ikauke kabisa, na hata mwenye haraka anatakiwa asubiri saa mbili kabla ya kumimina oili. Nilikuja kuisoma ile tyubu baadaye, niliiokota uani kwangu.

Siku nne za kwanza chini palikuwa pakavu. Nikamtumia fundi ujumbe wa kumshukuru. Kumbe sampu ilikuwa imefutwa tu, na oili ya kule juu ilikuwa bado iko njiani inateremka.

Tuliondoka Dar saa kumi alfajiri, mimi, mke wangu, watoto wawili na mizigo. Chalinze tukasimama watoto wale. Injini ikiwa inanguruma taratibu, taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi ikaanza kucheza, inawaka, inazima. Nikazima gari, nikavuta kijiti cha kupimia oili, oili imejaa mpaka alama ya juu, safi kama asali. Nikampigia fundi. Akaniambia hivi, na maneno haya sitayasahau: "Oili si ipo? Basi hiyo sensa tu, tembea bosi." Nikatembea.

Mkuu, ile taa haipimi oili kama ipo au haipo. Inapima presha. Oili inaweza kuwa imejaa mpaka shingoni, lakini kama mdomo wa pampu umezibwa, haipandi, na huko juu chuma kinasaga chuma. Ile taa ikiwaka ukiwa kwenye mwendo, unaegesha pembeni na kuzima injini hapo hapo, hata kama uko katikati ya pori, hata kama una harusi. Dakika mbili za kukaidi zinatosha. Nilikaidi kutoka Chalinze mpaka kupita Mkata, kwa sababu ukikanyaga mafuta taa inazimika na ukiachia inarudi, na mimi nikachukua kule kuzimika kama jibu.

Kupita Mkata kidogo ikawaka moja kwa moja. Halafu nikasikia ngo-ngo-ngo-ngo kutoka chini, sauti kama mtu anagonga mlango kwa nyundo, inaongezeka na mwendo. Kwa asiyejua, hiyo ndiyo injini imenoki. Nikazima. Mke wangu hakusema kitu. Watoto waliuliza kama tumefika kwa bibi.

Walipanda basi saa tano baadaye, wamesimama mpaka Korogwe. Mimi nilibaki na gari kusubiri la kuvuta. Sikukuu niliila Dar, gereji.

Gereji ya pili ilikuwa ya mzee mmoja mtulivu. Yeye alianza na boneti. Alimulika tochi nyuma ya injini juu kabisa, akaniita. Chini ya ukingo wa tapeti kava palikuwa na mchirizi mweusi umeshuka ukutani mwa injini mpaka chini, kama maji ya mvua yanavyochora ukuta wa udongo. "Hii ndiyo iliyokuwa inavuja, mwanangu. Sampu yako haikuwa na kosa." Alipoitoa gasketi ya tapeti kava ilikuwa ngumu kama plastiki ya ndoo, aliikunja ikavunjika. Kisha akashusha sampu. Ule wavu wa pampu ulikuwa umefunikwa na vipande vya silikoni nyeusi na nyuzi za tambara, kama mdomo wa mtu uliozibwa kwa kitambaa. Beringi za konrodi mbili (mikono inayounganisha pistoni na krenkshafti) zilikuwa zimelika mpaka rangi ya shaba, moja ikawa imezunguka na kuikwangua krenkshafti.

Kuchonga krenkshafti na kununua beringi za kuongeza saizi, ukijumlisha, kulikaribia bei ya injini ya mtumba, na bila uhakika. Nikachukua injini Ilala, 1,650,000. Kuvuta gari kutoka Mkata, 400,000. Kushusha na kupandisha injini, 300,000. Oili, filta, maji ya rejeta na vikorokoro, 130,000. Hiyo ni 2,480,000, sijaweka nauli za watu kusimama kwenye basi. Gasketi mpya ya tapeti kava, ile ambayo ingemaliza kila kitu, niliinunua Kariakoo kwa 18,000. Risiti yake ninayo mpaka leo kwenye droo ya gari.

Nilimrudia yule fundi wa kwanza. Sikwenda kugombana, nilimpelekea ule wavu kwenye mfuko wa nailoni aone. Akautazama, akaniambia labda nilikwenda mwendo mkali. Mkuu, hapo ndipo hasira yangu ilipo hadi leo. Fundi kukosea ni ubinadamu. Lakini mtu hajui chanzo, hakitafuti, anakupa jibu kwa uhakika wa daktari bingwa, na akiulizwa akiwa mbali na gari anakwambia tembea. Na wenzake wapo kila mtaa. Kwao silikoni ni dawa ya kila ugonjwa. Gari ikivuja juu, silikoni. Ikivuja chini, silikoni. Nimeshaona mtu anapaka silikoni juu ya gasketi mpya ya raba, kazi ambayo raba yenyewe imetengenezwa kuifanya. Nao wale wa video wanaokamua tyubu kama dawa ya meno kwenye mswaki wa mtoto wamewaharibu vijana wengi wenye nia njema ya kujifunza.

Kwa hiyo nyekundu au nyeusi? Usiulize rangi. Hujafika huko. Kabla ya spana kugusa bolti yoyote, osha injini, na uone kwa macho yako tone linazaliwa wapi. Asiyekuonyesha tone linapozaliwa, usimpe pesa yako.

Na kuosha si kazi ya fundi, utaifanya mwenyewe uani. Injini iwe baridi au vuguvugu tu. Funika alternata, koili za plagi na mdomo wa kuvuta hewa kwa mifuko ya nailoni, ifunge vizuri. Chukua mafuta ya taa kidogo na sabuni ya unga, brashi ya kufulia na mswaki wa zamani kwa sehemu finyu, sugua kuanzia juu kushuka chini, kisha suuza kwa maji ya kumwagia taratibu. Usipeleke gari kwa wale wa mashine ya presha, watakuingizia maji kwenye soketi za umeme halafu uanze kutafuta ugonjwa mwingine. Petroli usitumie kuoshea, tena uani kuna jiko la mkaa na watoto wanazunguka. Ukisugua upande wa chini, gari iwe juu ya stendi mbili imara, magurudumu yamewekewa kigingi. Jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake, hata dakika moja.

Iache ikauke kabisa. Kisha chukua poda ya mtoto, ndiyo, ile ya kupaka shingoni, uinyunyize kidogo kwenye mzunguko wa tapeti kava, kwenye ungio la kava la cheni, karibu na filta na swichi ya presha ya oili, na kwenye ukingo wa sampu. Kila mahali pawe peupe, ila mikanda uiepuke. Tembeza gari dakika 15, rudi, zima, chukua tochi na kioo kidogo cha mkononi, anza kuchungulia JUU. Oili itakuwa imechora mstari mweusi kwenye weupe. Ufuate ule mstari kwenda juu mpaka unapoishia. Pale unapoishia ndipo nyumbani kwake. Usipoona kitu, tembeza tena kesho. Usiku weka kadibodi chini, chora kwa kalamu magurudumu ya mbele yako wapi, asubuhi utajua tone liko upande gani wa injini. Angalia na rangi pia: ikielekea nyekundu hiyo ni ya gia boksi, na itakuwa kesi nyingine kabisa.

Mimi kwa IST ya umri huo naanza kushuku tapeti kava, lakini usinunue gasketi kwa kushuku kwangu. Mwaka jana doa lilirudi kwenye gari yangu hii hii. Moyo uliniambia tapeti kava tena, na kila niliyemuuliza alisema hivyo hivyo. Nikaosha, nikapaka poda, nikatembeza. Tapeti kava nyeupe pee, mstari unaanzia kwenye swichi ya presha ya oili, inatokea katikati ya swichi yenyewe pale waya unapochomekwa. Swichi mpya 20,000, soketi ndefu ya kuazima kwa jirani, robo saa. Ningefuata moyo ningefungua kava bure.

Ikiwa kweli ni tapeti kava, ni kazi ya asubuhi moja na bolti ni za spana namba 10 karibu zote. Toa koili, zikumbuke kila moja inakaa wapi. Ukikuta oili kwenye mashimo ya plagi, nunua na raba zake za huko. Safisha ukingo wote mpaka kidole kitoke kikavu. Gasketi inakaa kwenye mfereji wake bila silikoni, isipokuwa tone dogo kwenye zile kona mbili ambapo kava la cheni linakutana na silinda hedi, saizi ya punje ya mahindi. Hapo tu. Bolti unazikaza kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, kwa mzunguko zaidi ya mmoja, na hazihitaji nguvu: nyutoni mita 10 hivi, yaani kwa mkono mmoja na racheti fupi, ikigoma umefika. Anayeweka bomba kwenye mpini ili akaze zaidi atakuvunjia bolti ndani ya hedi, na hapo utaanza hesabu nyingine. Na hapo hapo juu kuna vali ya PCV, kidude cha injini kupumulia. Itoe, itikise karibu na sikio, iwe inacheza ndani kwa sauti. Ikiwa kimya imeziba na uchafu, presha inajaa ndani ya injini na itasukuma oili hata kwenye gasketi mpya.

Kuhusu Moshi: doa la kisahani halikuzuii kwenda, mradi oili haidondokei kwenye ekzosti. Ukisikia harufu ya kuungua au ukiona moshi unatoka chini ya boneti, hapo usiondoke kabisa, hiyo inaweza kuwaka moto. Vinginevyo pima kijiti Chalinze, Segera, Mombo na Same, gari ikiwa imesimama tambarare na injini imezimwa dakika tano, na beba lita moja ya akiba ya aina ile ile iliyomo. Injini inayovuja kidogo na kuongezwa itakufikisha na kukurudisha. Iliyofunguliwa Jumamosi na mtu mwenye haraka ndiyo itakayokulaza Mkata.

Leo ni Jumatano. Osha kesho jioni ukitoka kazini, iache ilale ikauke, Ijumaa asubuhi paka poda uende nayo kazini. Ukirudi piga picha nne: tapeti kava upande wa mbele, upande wa nyuma kwa kioo, eneo la filta, na ukingo wa sampu upande wa cheni. Ziweke hapa. Nitakuwa macho mpaka saa sita usiku, na humu kuna mafundi wenye macho kuliko mimi.